Tumehesabiwa vya Kutosha

Katika sura zilizotangulia nimezungumza kwa sauti ya mzee aliyekaa barazani akipunga upepo. Katika sura hii naomba radhi, kwa kuwa nitainua sauti. Jambo lenyewe ni utafiti: ule unaofanywa na wasomi, wa kwetu na wa nje, juu ya wanyama wetu, shule zetu na fedha zetu, katika nyanda za juu za Kigoma, hasa Kasulu na Kibondo ambako nimeshika chaki kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Ninapotaja Kasulu na Kibondo nachukua mipaka ya zamani, kabla ya mwaka 2012 ambapo Buhigwe ilimegwa kutoka Kasulu na Kakonko ikamegwa kutoka Kibondo.

Hoja yangu ni moja, nami naiweka mezani mapema ili msomaji asinishuku kwamba naficha kitu. Utafiti ambao matokeo yake hayarudi kusomwa mbele ya watu walioulizwa, kwa lugha wanayoielewa, ni mali iliyochukuliwa bila kulipiwa. Aliyeufanya ana deni. Na deni hata likiandikwa kwa Kiingereza kizuri, chenye majedwali na michoro, linabaki kuwa deni.

Nisieleweke vibaya. Mwalimu anayechukia utafiti ni sawa na mkulima anayechukia mvua. Nimewafundisha watoto kwamba ugonjwa wa malale huletwa na mbung'o, wala hautokani na uchawi wa jirani, na elimu hiyo ilipatikana kwa watu waliokaa porini wakichunguza na kuandika. Ninachopinga ni desturi mbaya iliyoota mizizi mpaka imeonekana kuwa ya kawaida. Mtu anakuja, anauliza, anaandika, anashukuru, anaondoka, na hapo ndipo habari inapokwisha kwa upande wetu. Kwa upande wake habari ndiyo kwanza inaanza: anapata shahada, anaalikwa kwenye warsha, anapandishwa cheo, anaandika kitabu.

Waha tumezoea kuhesabiwa. Katika miaka ya 1930 serikali ya Kiingereza iliwaondoa watu wengi wa Buha kwenye makazi yao ya asili na kuwakusanya pamoja kwa sababu ya malale. Walioamua walikuwa na ramani na takwimu za mbung'o, na waliohamishwa walikuwa na amri tu. Ardhi iliyoachwa ikarudi kuwa pori, na leo mgeni akiliona pori hilo upande wa mashariki anadhani halijapata kukaliwa na mtu tangu dunia iumbwe.

Kisha ikaja mikonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri vibarua, SILABU, na Kigoma ikawa moja ya mikoa iliyotoa vijana wengi kwenda Tanga na Morogoro. Vijana hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Mtu alitoka kwao akiwa na jina la baba na la babu, akafika kwenye katani akiwa tarakimu. Wazee wetu walilichukia neno hilo, na hadi leo kumwita Muha manamba ni kumtukana.

Baada ya Uhuru tulihesabiwa tena. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma ilitupanga katika vijiji, mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Wakaja wakimbizi: wa Burundi mwaka 1972, tena kwa wingi mwaka 1993, wa Kongo mwaka 1996 ilipofunguliwa kambi ya Nyarugusu, na wa Burundi tena kuanzia 2015, hata mwaka 2017 kambi za Nyarugusu, Nduta na Mtendeli zikawa na watu zaidi ya 300,000. Nyuma ya wakimbizi wakaja mashirika, na nyuma ya mashirika wakaja watafiti. Sidhani kuna wilaya nyingi za vijijini nchini ambazo zimeulizwa maswali mengi kuliko hizi zetu mbili.

Na namba hazijatuacha. Utafiti wa kaya ukipita kijijini, msaidizi anatangulia na chaki akiandika namba kwenye kila mlango uliochaguliwa. Mvua ikinyesha namba inafutika mlangoni, lakini kwenye kompyuta ya mtu fulani haifutiki. Mama wa nyumba hiyo ameulizwa kwa saa mbili: ana watoto wangapi, wangapi walikufa, mumewe anampiga au hampigi, jana walikula nini, wana kuku wangapi, bati au nyasi. Mwishoni amepewa mche mmoja wa sabuni. Siku ya pili jirani anamuuliza walichokuwa wanataka, naye anajibu kwa unyoofu, "Sijui." Ndugu msomaji, jibu hilo ni aibu, tena si aibu ya yule mama.

Nianze na wanyama, maana mkoa wetu unajulikana duniani kwa wanyama kuliko kwa watu. Jane Goodall, aliyefariki Oktoba 2025, alifika Gombe mwaka 1960. Wajapani wakiongozwa na Toshisada Nishida walianza kazi Mahale mwaka 1965. Kazi hizo zimebadili mawazo ya dunia juu ya sokwe na juu ya binadamu mwenyewe, nami sina neno baya juu ya ukubwa wake. Sokwe wa Gombe wana majina: Flo, Fifi, David Greybeard. Sokwe Flo alipokufa mwaka 1972, gazeti la Sunday Times la London lilichapisha taazia yake. Simwonei sokwe wivu. Nauliza tu: katika mkoa ambao sokwe ana jina na taazia, iweje mkulima wa muhogo aliyeulizwa maswali mia na ishirini abaki namba iliyoandikwa kwa chaki?

Tuje upande wetu wa juu. Bonde la Malagarasi na Muyovozi, lenye kilomita za mraba zipatazo 32,500, liliandikishwa mwaka 2000 kuwa eneo la kwanza la Tanzania katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Humo yumo nzohe, yumo korongo nyangumi, yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu, na humo limo Pori la Akiba la Moyowosi. Ndege wamehesabiwa kutoka angani na samaki wamepimwa. Wakazi wa vijiji vya pembezoni wameulizwa wanakata miti mingapi, wanarina asali wapi, wanavua kwa nyavu gani.

Hapa nitoe kisa kimoja ninachokijua mwenyewe. Katika kijiji kimoja cha Kibondo alikuja mtafiti kijana, mpole, mwenye adabu. Wazee wa nyuki walitembea naye siku tisa porini, wakimwonyesha kila mtundu na kila mninga uliotundikwa mizinga, na kumtajia ni mzinga wa nani na babu yake nani aliutundika kwanza. Naye kwa chombo chake cha setilaiti akapiga alama kila mahali. Jioni waliketi pamoja, wakala ugali wa muhogo na maharage, nami nikiwa mkalimani pale Kiha kilipomshinda. Akaahidi kuleta ramani.

Miaka minne baadaye ukazuka ubishi wa mpaka baina ya kijiji na wenye pori. Wazee wakaitwa kikaoni watoe ushahidi kwamba wametumia msitu ule tangu zamani. Upande wa pili ulikuwa na ramani, wao walikuwa na midomo tu. Mzee mmoja akanijia akaniuliza, "Mwalimu, ile ramani yetu iko wapi?" Niliandika barua chuoni kwa yule kijana, nikaandika tena. Jibu lilipokuja lilisema kwamba takwimu ni mali ya mradi, na mradi umefungwa. Ramani ambayo wazee waliisimulia mzinga kwa mzinga ilikuwa imelala kwenye kabati la chuo ng'ambo, nao walikwenda kikaoni mikono mitupu. Uamuzi ulikwenda kinyume nao. Sisemi ramani ingewashindia, kwa kuwa mimi si hakimu. Lakini ilikuwa yao, na haikuwapo ilipohitajika.

Anayedhani hili ni jambo dogo akumbuke kwamba kwetu mpaka wa msitu na shamba ni jambo la watu kuchomewa vibanda na kupelekwa mahakamani. Watu wa Kagera Nkanda na Msitu wa Makere Kusini wanalijua hilo. Katika mambo kama hayo karatasi ni silaha, na mwenye kuizuia karatasi amekwisha kuchagua upande, hata kama hakukusudia.

Sasa elimu. Hapa nina uchungu zaidi kwa sababu ni kazi yangu. Tangu mwaka 2010 Uwezo wamepita nyumba kwa nyumba nchini wakipima kama mtoto anaweza kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na matokeo yao yalitikisa nchi kwa sababu yalitangazwa kwa Kiswahili kila mtu akasikia. Nawapongeza. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliogharamiwa na Waingereza kuanzia 2014 hadi 2020, uliufikia mkoa wetu, ukawafundisha walimu papo hapo shuleni na kuanzisha Umoja wa Walimu na Wazazi. Huo nao ulikuwa na faida inayoonekana. Nataja mema hayo ili ijulikane kwamba kurudisha habari kunawezekana pale watu wanapotaka.

Lakini nimeona pia namna nyingine. Shuleni kwangu walikuja watu na karatasi za mtihani, wakawapima watoto wa darasa la tatu mmoja mmoja chini ya mwembe, siku mbili mfululizo. Ratiba yetu ilivurugika, nasi hatukulalamika. Walipokuwa wanafunga mizigo nikawaomba kitu kimoja: niambieni watoto gani hawawezi kusoma kabisa, na wanakwama wapi, niwasaidie. Nikajibiwa kwamba ni siri ya utafiti. Nikasema sawa, msinitajie majina, niambieni shule kwa ujumla imekwama kwenye silabi au kwenye kuelewa maana. Nikaambiwa nisubiri ripoti. Miaka ikapita. Mwanafunzi wangu wa zamani aliyeko Dar es Salaam akaipata makala hiyo kwenye intaneti, katika jarida la ng'ambo, na bei ya kuisoma kwa siku moja tu ilikuwa zaidi ya dola 30. Maarifa juu ya watoto wangu, yaliyochotwa darasani kwangu, yanauzwa, na mimi mwalimu wao sina uwezo wa kuyanunua.

Tena angalia kejeli iliyomo. Makala za namna hiyo mara nyingi husikitika kwamba watoto wa vijijini hawajui Kiingereza. Masikitiko yenyewe yameandikwa kwa Kiingereza, yakawekwa mahali ambapo mzazi, mwalimu na mratibu wa elimu kata hawafiki. Mtoto wa Kibondo anaingia darasa la kwanza akizungumza Kiha, anafundishwa kwa Kiswahili, anapimwa kwa Kiswahili na Kiingereza, na habari zake zinaandikwa kwa Kiingereza kitupu. Kila ngazi inamsogeza mbali na mama yake.

Tatu ni fedha, na hapa nazungumza juu ya fedha za maskini na fedha za utafiti, kwa sababu zinahusiana. Siku hizi kila mtu anataka kujua maskini anatumiaje shilingi yake. Ruzuku za TASAF kwa kaya maskini, VICOBA zetu zenye sanduku la kufuli tatu, mikopo ya akina mama, yote yamechunguzwa. Upo mtindo wa kugawa vijiji au shule katika makundi, kundi hili linapata na lile linasubiri, ili tofauti ionekane. Mfano maarufu ulikuwa kwa jirani zetu wa Busia, Kenya, ambako kuanzia 1998 shule za msingi 75 ziligawanywa katika makundi matatu yaliyopewa dawa za minyoo kwa zamu. Mmoja wa watafiti wake, Michael Kremer, alikuwa mmoja wa watatu waliopata Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019, na wataalamu wa Ulaya na Marekani walibishana kwa miaka juu ya hesabu za utafiti ule. Mtindo huo una faida yake, na wakati mwingine ndiyo njia ya haki kama fedha haiwatoshi wote. Ila kijiji kilichowekwa kusubiri kina haki ya kuambiwa kwamba kilisubirishwa, kwa nini, na kusubiri kwake kumefundisha nini.

Kwetu napo yapo. Mwishoni mwa 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kwa majaribio kuwapa baadhi ya wakimbizi wa Nyarugusu fedha taslimu badala ya chakula, na mwaka 2017 serikali ikasimamisha mpango huo. Muuza maharage mmoja wa upande wa Makere aliniambia kwamba alikuwa amekopa kuongeza mtaji kwa kutegemea soko hilo. Alipokuwa anafanya biashara, watu wenye madaftari walimuuliza faida yake ya kila wiki. Soko lilipokufa hakuna aliyerudi kumuuliza hasara, wala kumweleza walichogundua juu ya soko lile lilipokuwa hai. Angalau angejifunza kitu kwa fedha yake iliyopotea.

Kuhusu fedha za utafiti wenyewe, tuseme ukweli: anayelipa mpiga zumari ndiye anayechagua wimbo. Mfadhili wa sokwe anauliza juu ya sokwe, na mfadhili wa wakimbizi anauliza juu ya wakimbizi. Mwaka 2006 kule Khartoum nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Hatujafika hapo. Kwa hiyo maswali ya Kasulu yanatungwa mbali na Kasulu. Nani amekuja kuuliza swali letu? Yako mengi: kwa nini nyani na nguruwe pori wanatumaliza mashambani na kifuta jasho kinachelewa au hakiji, kwa nini asali ya Kibondo inauzwa kwenye ndoo kwa bei ya kutupa. Kijiji kikipewa nafasi ya kuongeza swali moja tu katika kila utafiti unaopita, kwa miaka kumi tungekuwa na maktaba.

Najua majibu wanayotoa wenzangu wasomi ninapozungumza hivi. Niyajibu moja moja.

Wanasema, wanakijiji hawataelewa. Hii ni dharau iliyovikwa joho. Mtu anayejua kumpeleka mtafiti porini siku tisa na kumtofautishia miti ishirini kwa magome yake ataelewa akiambiwa kwamba nyuki wamepungua na kwa sababu gani. Kama mtafiti hawezi kumweleza aliyemfundisha, basi kasoro iko kwa mtafiti.

Wanasema, Kiswahili hakina istilahi. Nawapeleka Gombe. Wasaidizi wa utafiti wa Kitanzania kule wamekuwa wakiwafuata sokwe toka alfajiri hadi jua linapotua, na kuandika kwa Kiswahili kila tendo: nani kala nini, nani kampiga nani, nani kamsafisha nani manyoya. Mei 1975 waasi kutoka ng'ambo ya ziwa walipowateka wanafunzi wanne wa kigeni na wageni wengine wakaondolewa, kazi haikusimama, kwa sababu hao Watanzania waliendelea. Maandishi yao ya Kiswahili yalitafsiriwa kwenda Kiingereza, na sayansi ya dunia ikasimama juu yake. Kwa hiyo Kiswahili kilifaa kupeleka maarifa nje. Iweje kisifae kuyarudisha? Baraza la Kiswahili tunalo tangu 1967, na mwaka 2021 UNESCO imekipa Kiswahili siku yake duniani, tarehe 7 Julai. Tunacheza ngoma siku hiyo, kisha kesho yake tunaandika ripoti ya Kasulu kwa lugha ya London.

Wanasema, matokeo mengine ni ya hatari, yatawasaidia majangili au kufichua siri za watu. Hili lina ukweli, nami nalikubali. Usitangaze tembo wanapita wapi, wala usimtaje mama aliyesema mumewe anampiga. Lakini siri hizo ni sehemu ndogo ya ripoti. Tusitumie tembo mmoja kuficha ng'ombe mia.

Wanasema pia, viongozi hawapendi takwimu za watu wengine. Ni kweli kwamba mwaka 2018 sheria ya takwimu ilirekebishwa hata kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali kukawa kosa, na mwaka 2019 ikabidi irekebishwe tena. Hofu hiyo ilikuwapo. Lakini kabla ya 2018 ripoti hazikurudi, na baada ya 2019 hazikurudi. Hofu ya sheria isiwe koti la uvivu.

Nisiwalaumu wageni peke yao, maana mkono wetu umo. Profesa wetu hupandishwa cheo kwa makala za majarida ya nje. Kurasa nne za Kiswahili zilizosomwa mbele ya watu mia tatu wa Heru Juu hazimwongezei hata alama moja. Ofisi zetu hupiga mhuri kwenye barua ya kumtambulisha mtafiti, ngazi baada ya ngazi, toka mkoani hadi kwa mtendaji wa kijiji, na hakuna anayeuliza, "Utarudi lini?" Na sisi wanakijiji tumejifunza kupokea sabuni na kunyamaza. Wengine tumejifunza hata kudanganya: tukisikia mradi unakuja tunapunguza kuku, tukisikia ni utafiti mtupu tunasema lolote ili amalize aondoke. Mtu asiyeona faida ya ukweli wake hatautoa. Kwa hiyo hata wanaojali sayansi peke yake wangetakiwa kuogopa, kwa kuwa wanavuna makapi.

Upo pia mfano mwema karibu na nyumbani. Goodall mwenyewe aliona kwamba misitu iliyoizunguka Gombe imekwisha, na kwamba sokwe hawezi kupona kama jirani yake ana njaa. Mwaka 1994 ukaanzishwa mradi wa TACARE, na hatua yake kubwa ilikuwa kukaa na vijiji na kuuliza wao wanataka nini. Vijiji vikataja afya, shule, maji na mashamba. Baadaye vikatengenezewa ramani zao za matumizi ya ardhi, na vijana wa vijijini wakawa walinzi wa misitu yao wenyewe. Sisemi kila kitu kilikamilika. Nasema ramani zilikaa mezani kwa wenye ardhi, na hilo ndilo ninalolidai.

Basi madai yangu ni haya, nami nayaandika kwa namba kwa kuwa namba zimetutesa, sasa zitufanyie kazi.

1. Mtafiti aje kwanza kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji. Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 inaufanya mkutano huo kuwa mamlaka ya juu ya kijiji, na kila mtu mzima ni mjumbe. Aeleze anatafuta nini, nani analipa, na kijiji kiruhusiwe kuongeza swali lake moja.

2. Akimaliza, aandike kurasa chache za Kiswahili chepesi, arudi au amtume mtu, azisome mkutanoni na aulizwe maswali. Nakala ibaki ofisi ya kijiji, nyingine shule ya sekondari ya kata, nyingine Chuo cha Ualimu Kasulu au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Kibondo. Ramani ikichorwa, nakala ya kwanza ni ya kijiji.

3. Gharama ya safari hiyo iwemo kwenye bajeti tangu mwanzo. Isisemwe kwamba fedha hakuna. Mafuta ya gari la mradi kwa juma moja yanatosha.

4. Tume ya Sayansi na Teknolojia, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986 na ambayo hutoa vibali, isimhesabu mtafiti kuwa amemaliza mpaka apeleke muhtasari wa mkutano huo wenye sahihi ya mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Vyuo vyetu navyo viuhesabu muhtasari huo katika kumpandisha mtu cheo.

Hayo manne hayahitaji mfadhili wala semina ya siku tatu hotelini. Yanahitaji mtu mmoja ofisini aseme hapana kabla ya kupiga mhuri.

Nawaomba vijana wetu wa Kasulu na Kibondo walioko vyuo vikuu waanze wao. Ukija kwenu kukusanya takwimu za shahada yako, usituulize kana kwamba wewe ni mgeni. Na wewe mwanakijiji mwenzangu, akija mtu na daftari, mkaribishe, mpe kiti na maji. Kisha kabla hajafungua ukurasa wa kwanza muulize siku ya kurudi, umwandikishe kwenye kitabu cha wageni cha kijiji. Akikwambia hana nauli ya kurudi kutueleza, mwambie kwa adabu kwamba basi alikuwa hana nauli ya kuja.